Burashi ya Bihogo

Jumatatu, 4 Machi 1912

Seif ameitia burashi mdomoni sasa hivi! Nimeiweka chini kidogo tu nijifunge kanga vizuri, nageuka — kaikamata kwa mikono miwili, anaitafuna kama kipande cha muwa. Nimemnyang'anya. Akacheka. Meno yake mawili, na unywele mmoja mweusi umenata kwenye ulimi. Nimeutoa kwa kidole. Haya baba, hata wewe unajua kitu kinachokulisha.

Acha nicheke leo. Wiki iliyopita sikucheka hata mara moja.

Naandika kwenye karatasi zinazofungiwa majora ya nguo. Baba Seif kaniachia rundo zima alipoondoka kwenda Kyerwa kununua ngozi na samli. Baba Seif — Abdulghani. Humu naweza kuliandika jina lake, hakuna wa kunisikia. Herufi hizi kanifundisha yeye mwenyewe, jioni, kwenye meza ya duka. Zile za Kiarabu za chuoni Tabora nilijua kusoma tu, tena polepole. Akasema: ukiwa na hofu andika, usimwambie mama. Maana mama yake, Bi Mwaja, hataki hofu itamkwe ndani ya nyumba. Anasema ukiitaja unaikaribisha.

Basi naitaja hapa. Naogopa. Naogopa tangu matiti yangu yalipopata jipu na maziwa yakakauka, kote kuwili. Seif ana miezi minane. Uji wa ndizi anautapika, wa ulezi anautapika. Kinachokaa tumboni mwake ni maziwa ya ng'ombe tu, na hapa Rugu wenye ng'ombe hawatoi maziwa kwa watu kama sisi. Wanasema sisi wa madukani tunakula samaki na kunde, na maziwa yao yakikutana na samaki tumboni mwetu, ng'ombe wao huko zizini anaharibika kiwele. Si ubaya. Ndivyo walivyokuta kwa wazee wao. Ni Mzee Rutaihwa wa Igurwa peke yake aliyekubali kutuazima ng'ombe, kwa urafiki wake na Abdulghani. Ndiye Bihogo. Mwekundu wa kukoza, pembe ndefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha. Masharti: samaki asipikwe tena nyumbani, na anayemkamua awe mtu wake mwenyewe, Kabigumila, maana kwao mwanamke hakamui.

Kisha ndama wake akafa. Aliumwa kidogo tu. Abdulghani akaogopa maradhi, akamzika siku ile ile, mzima na ngozi yake. Kabigumila alipofika akashika kichwa. Kumbe kwao ndama akifa anachunwa, ngozi yake anawekewa mama ainuse na kuilamba, ndipo anaachia maziwa. "Mnunuzi wa ngozi amezika ngozi!" akasema. Akarudia mara nyingi. Abdulghani aliona haya mpaka akaenda kulala bila chakula. Asubuhi akaondoka na wapagazi wake, safari ilikuwa imekwisha pangwa.

Bihogo akazuia maziwa. Kabigumila alimwimbia, akampigia mluzi, akavuta — matone mawili, basi. Kiwele kimejaa, kigumu kama jiwe, cha moto. Mimi nayajua maumivu hayo! Nilisimama naye pale nalia. Na Seif ndani analia. Sote watatu.

Burashi ilikuwa dukani, ndani ya sanduku la vikorokoro ambalo Abdulghani alilinunua Bukoba kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ya farasi. Ubao wa umbo la yai, mkanda wa ngozi wa kupitishia mkono, nywele ngumu nyeusi. Nani ainunue huku, hakuna farasi! Nilimwona Bihogo anajikuna kwenye nguzo mpaka nguzo inalia, nikaichukua. Nikaipitisha shingoni. Chini ya koo. Ubavuni. Akanyoosha shingo, akafumba macho. Kabigumila alikuwa amekaa amekata tamaa, ghafla akaruka. "Usiache! Mama Seif, usiache!" Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Leo chombo kimejaa! Kile cha mti chenye shingo nyembamba, wenyewe wanakiita kyanzi. Seif kanywa, kalala, kaamka, kanywa tena. Nimembana shavu. Lina nyama.

Nampiga burashi kabla jua halijachomoza na tena alasiri. Nimejifunza mambo. Nianze mbele, anione kwanza. Nifuate nywele zinakolala, si kinyume. Tumboni polepole. Nyuma ya masikio kuna kupe, ninapofika hapo naiweka burashi chini nawatoa kwa vidole, yeye anatulia kabisa, ananipumulia mkononi. Kwenye paja, karibu na kiwele, ndiyo mwisho. Hapo miguu yake inalegea, na Kabigumila anajua saa imefika.

Kabigumila hanyamazi. Sisi kwetu, anasema, ng'ombe tunamfuta kwa gao la majani, fungu la kujaza kiganja, basi. "Huyu mmemfanya bibi harusi! Kesho mchaneni na chanuo, mtieni na wanja!"

Bi Mwaja alikuwa mlangoni. "Chanuo langu halitoki sandukuni kwa ng'ombe wala kwa mkwe."

Hata mimi nilicheka. Chanuo hilo la mpingo! Alipewa na mama yake Pangani siku ya harusi, likaja naye njia yote mpaka huku. Sijawahi kuligusa. Kila Ijumaa analitoa, anachana, analifuta kwa mafuta, analirudisha kwenye kitambaa chake.

Lakini Bihogo bado anamwita ndama wake asubuhi. Anatazama kule kwenye migomba walikomzika. Mimi huwa namziba Seif masikio. Sijui kwa nini. Naona kama ng'ombe atamwita yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Nitaandika yote.

Amekuja mtu na mizigo ya chumvi kutoka Bukoba, jina lake Shabani. Zamani alikuwa mchunga farasi na nyumbu wa Wazungu. Bi Mwaja kamkaribisha dukani, kampa buni za kutafuna na kahawa. Nikapita mimi na burashi yangu mkononi kwenda zizini.

"Bibi mdogo, hiyo si ya kusugulia farasi?"

Nikamwambia ndiyo, ila yangu ni ya ng'ombe. Akacheka. Akaomba aishike. Akapitisha kidole. Akasema amezishika nyingi hizi, bwana wake alikuwa nazo za kila namna. "Hii ngumu nyeusi ni nywele za nguruwe."

Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Kikombe cha Bi Mwaja kikasimama hewani. "Ngiri wa porini?"

"Nguruwe wao wa kufuga, mama. Wa Ulaya."

Nikasema ni kavu, na najisi kavu haihamii. Nikasema na ng'ombe alikuwa mkavu. Nikasema sikujua, Abdulghani hakujua, nani angejua! Bi Mwaja kauliza moja tu. "Mtoto ameigusa?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifungua mdomo kusema hapana. Nikauona ule unywele kwenye ulimi wa Seif.

"Ameitia mdomoni, mama."

Akakaa chini. Shabani akaaga haraka haraka, hata kahawa hakuimaliza.

Kuosha mara saba, moja kwa udongo. Ndivyo tulivyosomeshwa, najua, hata mimi najua. Nilimuuliza kama mtoto mchanga naye inamlazimu, na mdomoni, na udongo. Kasema hajui. Hapa hatuna shehe wa kumuuliza, aliye karibu yuko Bukoba. "Kwa hiyo tutafanya yote," kasema, "tusije tukabakiza. Atakayeulizwa mbele ya Mungu ni mimi. Si wewe, mtoto."

Kafanya kwa mkono wake. Lazima niandike: kafanya kwa upole. Kitambaa safi kwenye kidole. Udongo kauchukua mahali safi, kaukoroga, kauchuja. Maji ya kwanza Seif alidhani ni mchezo, akauma kidole. Ya udongo akaanza kulia. Akameza. Nilikuwa nimemshika kichwa. Mimi ndiye niliyemshika kichwa!

Maziwa ya asubuhi yakamwagwa. Chombo kikaoshwa. Kisha Bihogo, maana juzi alinyeshewa na mimi nikampiga burashi akiwa amelowa vile vile. Maji ya mtoni, baridi, ndoo juu ya ndoo, na udongo. Alitetemeka. Alipiga pembe kwenye miti. Kabigumila akatukuta katikati. "Ng'ombe wa Rutaihwa mnampaka tope? Kafanya nini? Kamtukana nani?"

Nani wa kumweleza. Bi Mwaja alijaribu. Kabigumila kasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao ng'ombe haogi maji, ng'ombe anaoga moshi.

Burashi kaizika Bi Mwaja nyuma ya migomba, karibu na ndama.

Alasiri: hata tone.

Ijumaa, 8 Machi

Hata tone.

Seif anaharisha. Tangu alfajiri. Sijui ni ule udongo, sijui ni uji wa ulezi tuliomlazimisha jana jioni. Bi Mwaja anasema uji. Anasema uji, uji, bila kuulizwa.

Nimembadilisha vitambaa mpaka vimeisha, nimechana jora la dukani. Abdulghani atanisamehe.

Bihogo nikimkaribia anarudi nyuma. Ananusa mikono yangu na kugeuza kichwa. Ananiogopa, na mimi namwogopa, na nyuma ya ukuta mtoto analia. Tafadhali. Sijui namwambia nani tafadhali.

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu gunzi la muhindi — akanipiga teke, nimevimba goti. Nimejaribu nyuzi za mgomba nilizozifunga fungu: laini mno, zinateleza juu ya manyoya kama hazipo. Kabigumila kajaribu gao la majani, namna yao. Kidogo alitulia. Kisha akauona mkono wangu pale kwenye kamba yake, akaruka. "Wewe ondoka," Kabigumila kaniambia. "Ukae ndani. Anakuona na maji." Nikakaa ndani. Haikusaidia.

Adhuhuri kaja Mzee Rutaihwa mwenyewe kutoka Igurwa. Nadhani Kabigumila alimpelekea habari. Mrefu, amejifunga shuka yake begani, fimbo. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi?"

Sikutegemea aanze na mtoto. Nikamletea. Akamtazama muda mrefu, akamwekea kidole gumba kwenye utosi. Utosi umebonyea. Najua umebonyea!

Kisha kaenda kwa Bihogo. Hakumshika. Alisimama tu, akamwita kwa jina na sifa zake kwa Kinyambo, maneno marefu kama maji yanashuka. Bihogo akamjia. Akaingiza pua kwapani mwake! Mzee akapapasa kiwele, akakunja uso.

"Huyu anaumwa, mama. Si suala la maziwa yenu tu. Kikikaa hivi kitaoza, na akipona atabaki na chuchu mbili."

Akanieleza. Zamani alikuwa na ng'ombe wa kulijaza bonde, sotoka, tauni ya ng'ombe, ikaja ikawamaliza, ikamwachia mtamba mmoja. Huyo ndiye mama yake Bihogo. Kwa hiyo hana hasira na sisi, kasema, lakini hawezi kukaa kutazama. Atamrudisha Igurwa akawanuse wenzake, akalale kwenye moshi. Huenda akasahau.

"Na mwanangu, mzee?"

Bi Mwaja, aliyekuwa nyuma yangu muda wote, akasema tupewe mwingine basi, ng'ombe yeyote. Mzee akatikisa kichwa taratibu. Wanaokamuliwa ni wachache, na vijana wake nyumbani wamekwisha sikia habari ya tope, hakuna atakayekubali. Yeye mwenyewe hata akikubali, wao watamkatalia. Maziwa kuyabeba kutoka Igurwa kila siku kwa jua hili, yatafika mtindi, na mtindi kwa tumbo lile . . .

"Kwa ajili ya Abdulghani nangoja," kasema. "Jumatatu alasiri nakuja kumchukua. Akiachia maziwa kabla ya hapo, abaki."

Bi Mwaja kamtolea kipande cha kaniki. Kakataa. Kasema si mambo ya nguo haya.

Nimemtuma mtu Kyerwa kumtafuta Abdulghani. Lakini nani ajue yuko kijiji gani huko, mara ng'ambo ya kilima hiki, mara kile. Hawezi kufika.

Jumapili, 10 Machi

Nitaliandika na hili.

Bi Mwaja alipoingia kusali adhuhuri nilichukua jembe nikaenda nyuma ya migomba. Udongo bado laini. Nilichimba kwa jembe kidogo, kisha kwa mikono. Nikaufikia mkanda. Ngozi imelowa, inateleza. Niliushika! Nikajisemea, nitamsugua ng'ombe mara moja tu, maziwa yakitoka Seif atakunywa, dhambi ni yangu, niichukue mimi, nitaosha mikono mara sabini. Nikamwambia Mungu hivyo, kwa sauti.

Kisha nikaona maziwa hayo Bi Mwaja atayamwaga. Akijua, atayamwaga. Nisipomwambia atanitazama usoni na atajua, kama alivyojua juzi kabla sijajibu. Na tena tutamshika mtoto kichwa. Tena udongo. Hapana. Hapana, si mara ya pili.

Nikafukia. Nimenawa mpaka ngozi inauma.

Niliporudi ndani Bi Mwaja alikuwa amempakata Seif. Hakuniona mlangoni. Huwa anamwita "mume wangu", kwa utani wa bibi na mjukuu, anamtishia talaka akimkojolea. Leo alikuwa anamwambia kwa kunong'ona: "Mume wangu, nisamehe. Mume wangu, usiniondokee kwa hasira. Nilikuwa naogopa."

Bi Mwaja! Aliyenikataza kuitaja!

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikakohoa, ndipo nikaingia. Alikuwa amekwisha kausha macho. Kasema, "Uji ule ulikuwa mzito." Nikasema, "Ndiyo mama, ulikuwa mzito."

Kwa kijiko tumempa maji yenye chumvi kidogo na asali. Kayaacha tumboni. Alhamdulillahi. Lakini maji si maziwa.

Jumatatu, 11 Machi

Leo Seif hakulia. Asubuhi kanitazama tu. Nilikuwa nikimwomba Mungu anyamaze nipate kulala, sasa kanyamaza, na mimi naomba alie! Lia basi! Nimemfinya kidogo unyayo. Kakunja uso, hakutoa sauti. Kidole changu kakishika lakini. Bado kimo mkononi mwake, naandika kwa mkono mmoja, karatasi inakimbia.

Kabigumila kakamua asubuhi. Damu kidogo na maji maji, kutoka chuchu moja. Kakaa chini zizini, hakutania. Nilizoea utani wake kumbe.

Baadaye. Mzee Rutaihwa atakuja alasiri. Adhuhuri imekwisha pita. Nimepanga maneno ya kumwambia. Nitamwambia anichukue na mimi na mtoto, twende Igurwa, nitalala kwenye moshi pamoja na ng'ombe wake, sitakula samaki maisha yangu yote, sitagusa maji. Nitachota kinyesi, nitakata majani. Seif apate yanayotoka moto moto, kabla hayajageuka. Abdulghani akirudi atatukuta huko. Sijamwambia Bi Mwaja. Nitamwachaje peke yake hapa? Ananiudhi, namwogopa, na siwezi kumwacha. Alizaa wengi, kabaki na huyu mmoja, Abdulghani, na Abdulghani ana huyu mmoja. Yote hayo yamelala hapa kwenye mkeka, hayana uzito wa mkungu mdogo wa ndizi.

Baadaye tena. Nimefunga kifurushi. Nguo zake, kijiko, kanga mbili. Nilikwenda chumbani kwa Bi Mwaja kumwomba ruhusa. Nilikuwa nimekwisha vuta pumzi.

Hayumo. Mswala umekunjwa. Sanduku lake liko wazi — halijawahi kuwa wazi! Kitambaa kiko juu ya kitanda, kimekunjuliwa, kina alama ya mafuta, na ndani hakuna kitu.

Chanuo halimo.

Nimekuja kukaa hapa dirishani na Seif begani. Kutoka hapa naona paa la zizi tu na mgongo wa Kabigumila mlangoni, kajikunja, katulia kabisa. Mkono wake mmoja kaunyoosha nyuma kama anamzuia mtu asije. Namsikia Bi Mwaja. Haimbi, hajui nyimbo za ng'ombe. Anazungumza, kama anavyozungumza na mwanamke mwenzake wakati wa kusukana. Upepo unakata maneno. ". . . mimi wangu niliwazika njiani, bibi. Wawili. Hawakuniachia hata nguo zao ninuse. Tulia. Tulia nikutolee kupe huyu. Hapo? Hapo ndipo panapowasha?"

Na mlio wa meno ya mpingo kwenye manyoya. Mrefu. Polepole. Kutoka shingoni, naujua, hapo ni shingoni. Sasa kafika ubavuni. Kanitazama kumbe, siku zote zile alikuwa amesimama mlangoni ananitazama naanzia wapi na naishia wapi!

Bihogo hapigi teke.

Naogopa kusogea. Naogopa hata kuandika, kalamu inakwaruza. Kule barabarani naona fimbo ya Mzee Rutaihwa inakuja juu ya majani, yeye mwenyewe bado haonekani. Asije sasa! Asikohoe, asimwite. Ee Mola, mcheleweshe, apate mtu wa kusalimiana naye njiani, hapa watu husalimiana mpaka jua linazama, leo wote wako wapi —

Mlio umeacha. Kabigumila kapiga magoti. Seif kainua kichwa begani kwangu. Kasikia kitu. Na mimi nasikia, kama mvua inaanza ndani ya chombo cha mti.

Bi Mwaja ananiita. Hapigi kelele, anaita kwa sauti ya kubembeleza, kama bado anazungumza na yule. Anasema nije na mtoto na kijiko, nije taratibu, nisikimbie, nisije nikamshtua. Naiweka kalamu chini.